Dishi Juu ya Nyumba ya Malale

Mwaka tisini na saba, ungemuuliza mtu yeyote kati ya Litapunga na Kabungu nyumba ya Malale iko wapi, naye angekujibu kwa swali: "Leo?" Maana nyumba ya Malale ilikuwa na magurudumu mawili na ilivutwa na maksai wanne, na mwenyewe hakuona ajabu yoyote katika jambo hilo. Kazi yake ilikuwa kufundisha maksai. Ukiwa na madume makaidi yasiyojua jembe wala tela, unampelekea habari, anakuja na nyumba yake, anaiegesha pembeni ya zizi lako, anakaa wiki tatu, kisha anaondoka akiwa amekuachia wanyama wanaosikia mluzi kuliko watoto wako wanavyokusikia wewe.

Nyumba yenyewe ilikuwa karavani, kijumba cha bati cha kuvutwa na gari. Wapimaji wa barabara walikuwa wamekuja nalo, mvua ikawakamata njia ya Kabungu, lori lao likazama kwenye tope, na karavani likavunjika ekseli. Malale akalitoa lile lori kwa siku tatu, kwa maksai, bila kumpiga mnyama hata kiboko kimoja. Wapimaji walishukuru mpaka wakaishiwa maneno, wakamwambia, "Mzee, chukua na hilo karavani, sisi limetuchosha." Akalitia ekseli ya tela, akaweka kitanda, jiko la mkaa na stuli mbili. Mkewe alikuwa ameshafariki miaka sita nyuma, na binti yake Minza alikuwa ameolewa huko Litapunga, kwa hiyo stuli ya pili ilikuwa ya kuwekea kofia.

Alikuwa Msukuma mrefu wa miaka hamsini na mbili, aliyeshuka na ng'ombe wa baba yake kutoka Bariadi akiwa kijana. Alisema kwa sauti ya chini, alikula kidogo, hakuwa na ugomvi na mtu. Sasa huyu mtu mzima, mwaka huo, akapenda. Na mtu mzima akipenda ni balaa, kwa sababu hana wa kumkanya.

Aliyempenda ni Generosa, fundi cherehani wa Kasokola, mjane, Mfipa wa Namanyere, mwanamke mwenye mikono myepesi na ulimi mkali kuliko mkasi wake. Malale alianza kwa kumpelekea suruali ashone kiraka. Wiki iliyofuata akapeleka nyingine. Ya tatu ikaenda, na ya nne, na ile ya nne Generosa aliigeuza geuza juani, akamtazama mwenye suruali juu ya miwani.

"Baba Minza, hii imepasukaje?"

"Kazi ya ng'ombe, mayu," alisema, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Hii haikupasuliwa na ng'ombe. Hii ni ya kisu. Mimi ni fundi, usinichezee."

Malale akacheka kwa aibu, na kwa kuwa siri imeshavuja, akaona heri amwage yote. Akasema pale pale barazani, mbele ya wanawake wawili waliokuja kupimwa magauni, kwamba anataka kumuoa.

Generosa hakukataa. Lakini hakukubali pia. Aliendelea kukanyaga cherehani mpaka mwisho wa mshono, akakata uzi kwa meno.

"Nyumba yako jana ilikuwa hapa, kesho iko Kabungu," alisema. "Mtu akifa, msiba tunauweka wapi? Fredrick muuza mchele naye amenitaka, na Fredrick ana nyumba ya tofali za kuchoma na sakafu ya saruji. Kaka yangu Alois ameshaikanyaga ile sakafu, anasema haitikisiki."

"Yangu ina madirisha ya kioo," alijitetea Malale.

"Haya, ina madirisha. Ina televisheni?"

Wale wanawake wakaangua kicheko, maana Kasokola nzima walijua habari ya televisheni. Generosa alikuwa amekaa miezi miwili kwa dada yake Tunduma, na dada yake ana dishi, na tangu arudi hakuna aliyepata kushonewa nguo bila kusimuliwa alichokiona: kola za watangazaji, mikono ya magauni, vifungo vya pembeni. Yeye hakuangalia mpira wala sinema. Aliangalia nguo, na kurudi Kasokola kulikomnyang'anya nafasi hiyo hakuwa amekusamehe.

"Siku nikiangalia televisheni ndani ya hilo bati lako, hapa hapa Kasokola," alisema, "siku hiyo ndiyo tutaongea. Na iwe kabla ya mwezi wa nane kuisha, maana Fredrick nimemwambia atapata jibu Jumapili ya mwisho."

Alisema hivyo kama mtu anavyosema mpaka kuku aote meno. Lakini Malale alikuwa ameishi na ng'ombe miaka yote, na ng'ombe hawasemi kwa mzaha. Yeye alisikia: televisheni, Kasokola, Jumapili ya mwisho. Akaaga kwa heshima, akawafunga maksai wake, akaondoka na nyumba akipiga mluzi.

Alikwenda moja kwa moja Katumba kwa Cyriaque, Mrundi fundi wa redio, aliyewahi kufanya kazi ya kusimamisha madishi kwenye kambi za wawindaji. Cyriaque alipoelezwa shida, alikaa chini kwanza. Kisha akauliza kama amesikia vizuri kwamba dishi litakaa juu ya nyumba, na nyumba itavutwa na ng'ombe. Malale akamhakikishia. Cyriaque akasimama, akavaa viatu. Kazi ya namna hiyo, alisema, mtu akiikataa atajilaumu hadi kaburini.

Mpanda mjini walikuta duka moja lenye madishi matatu, yameegemezwa ukutani huko uani. Hapo ndipo Cyriaque alipogundua anashughulika na mtu wa namna gani. Malale hakuuliza lolote. Alikunja mikono nyuma, akayazunguka yale madishi polepole, akaangalia migongo, akachuchumaa akaangalia miguu. Alikuwa anachagua ng'ombe.

"Hili la wavu ni mita tatu," alisema Cyriaque. "Linakamata sana."

"Hili ni dume la maonyesho," alisema Malale. "Njia ya Kabungu ina miti huku na huku. Litabaki huko."

"Na hilo dogo la mwisho usiliguse. Hilo ni la setilaiti za watu wa Ulaya, hapa kwetu halioni kitu."

Likabaki la katikati, la alumini, upana wake kama kitanda cha mtu mmoja, ukingo mmoja umebonyea. Malale akaligonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza. Akapitisha kiganja kwenye ukingo wote. Akamwomba mwenye duka watu wanyamaze kidogo. Wakanyamaza, ingawa hakuna aliyejua kwa nini. Upepo ukapita uani. Lile la wavu likatetemeka na kulialia, lile la katikati likatulia.

"Hili," alisema Malale. "Hili lina moyo."

Akalipata pamoja na risiva yake, televisheni ya inchi kumi na nne na jenereta dogo, kwa kutoa mtamba mmoja mwenye mimba. Mwenye duka alijiona amepata, Malale alijiona amepata, na mimi naona mtamba peke yake ndiye hakuulizwa.

Wakalipeleka kwa Cletus, fundi wa kuchomelea vyuma, ambaye karakana yake ipo karibu na stesheni. Cyriaque akapanda juu ya paa la karavani na kipimapembe cha mtoto wa shule, uzi na nati. Akamweleza Malale kwamba setilaiti imekaa upande wa mashariki, juu, katikati ya utosi na pale mbingu inapogusa miti.

"Inachomoza saa ngapi?" aliuliza Malale, ambaye alikuwa anajua kila nyota ya kumwamshia ng'ombe.

"Haichomozi. Imesimama pale pale."

"Haizami?"

"Haizami, baba. Mchana na usiku, pale pale."

Malale alivua kofia, akatazama juu. "Hicho kitu," alisema mwishowe kwa heshima kubwa, "kimefundishwa vizuri kuliko Meja." Meja ndiye alikuwa maksai wake kiongozi, wengine walikuwa Karani, Katekista na Polepole. Sifa zaidi ya hiyo Malale hakuwa nayo.

Cyriaque akafunga dishi kwa boliti kwenye mlingoti mfupi, akapima mwinamo wake, akaridhika, upande wa kutazama akauacha autafute huko huko Kasokola, akaenda kula wali na maharage ng'ambo ya barabara. Na hapo, katika muda wa sahani moja ya wali, Malale akafanya kosa ambalo hakuna mwingine chini ya jua angelifanya isipokuwa mtu wa matela. Aliziona zile boliti. Alijua barabara ya Kabungu inavyokula boliti. Ilishamlia boliti za jembe, za tela, hata za baiskeli ya mkwewe. Kwake yeye kitu chochote kinachofunguka ni kitu kilichokwisha kupotea. Akamwambia Cletus, "Chomelea yote. Isibaki sehemu ya kutikisika." Cletus hakuwa na kawaida ya kubishana na mteja. Akachomelea yote. Kisha Malale akalifunika dishi kwa turubai lisipigwe na matawi, akalifunga kamba, akafurahi kimoyomoyo kwamba amemsaidia Cyriaque kazi.

Jumapili ya mwisho ya mwezi wa nane, watu wa Kasokola walitoka kanisani wakakuta nyumba ya Malale imeegeshwa uani kwa Generosa, mlango umeelekezwa barazani kwa adabu, maksai wanakula mabua pembeni. Hakuna aliyekwenda kwake kula. Walikaa chini, walikaa juu ya mawe, wengine waliingia ndani ya karavani mpaka Alois, kaka yake Generosa, alipowatoa na kujiwekea kiti mlangoni kama mwenyekiti wa shughuli. Fredrick alikuja na shati jeupe lililopigwa pasi. Generosa mwenyewe alikaa kwenye cherehani yake akijifanya anashona, na sindano haikuwa na uzi.

Jenereta likaunguruma. Televisheni ikawaka, ikajaa chenga tupu.

"Subirini, nalegeza dishi niligeuze," alisema Cyriaque, akapanda ngazi na spana mbili. Akafungua turubai. Spana zikabaki hewani, na fundi akisimama hivyo juu ya ngazi kila mtu anaelewa.

"Nani amechomelea hapa?"

"Mimi nilimwambia Cletus," alijibu Malale kwa fahari. "Boliti zingekatika njiani."

"Baba, zile boliti ndiyo shingo yake! Sasa litageuka na nini? Linatazama mihogo ya watu huku magharibi, setilaiti iko kule!"

Watu walicheka mpaka kuku wakakimbia. Alois alichungulia ndani, akatazama kile kioo kinachochemka. "Mimi naona mchele," alisema. "Na mchele hata Fredrick anao, tena umeshakobolewa." Kicheko kikaanza upya. Cletus alikuwa Mpanda na mashine yake, na jua lilikuwa limeshapita utosini.

Generosa hakucheka. Alisimama, akakunja kitambaa ambacho hakikuwa kinashonwa, akatazama upande mwingine. Malale akamwona uso, na haukuwa uso wa mtu aliyeshinda. Ulikuwa uso wa mtu aliyekuwa ametumaini.

Akasogea chini ya ngazi. "Cyriaque. Kinachotakiwa kugeuka ni dishi, au ni mahali linapotazama?"

"Mahali linapotazama. Lakini ni kitu kimoja, baba, limegandana na nyumba."

"Basi tugeuze nyumba."

Cyriaque aliziweka spana juu ya paa. Aliitazama nyumba, akawatazama maksai, akaanza kutabasamu, na lile tabasamu likapita uwanja mzima kama habari ya sherehe. Vijana wakaleta jiwe wakaliweka nyuma ya gurudumu la kushoto na lingine mbele yake, ili nyumba izunguke hapo hapo bila kuondoka. Malale akawafunga wanne wake kwenye chuma cha kuvutia, si kwa kwenda mbele bali kwa upande. Cyriaque akalala kifudifudi juu ya paa kushika waya wa dishi usichomoke. Jenereta, kwa kuwa waya wake ulikuwa mfupi, lilihitaji mtu wa kulibeba na kuzunguka nalo, na kabla hawajaulizana, Fredrick alikuwa ameshalikumbatia, shati jeupe na mafuta yote.

"Nani atakaa ndani aseme picha ikija?" aliuliza Alois.

"Mayu, ingia wewe," Malale alimwambia Generosa. "Sisi wengine hata ikija hatutaijua."

Akaingia. Akakaa kwenye stuli ya kofia, magoti yamegusa televisheni. Malale akapiga mluzi mfupi, maksai wakavuta, na nyumba, na dishi, na Mrundi juu ya paa, vikaanza kuzunguka.

"Chenga!" alipaza sauti Generosa dirishani.

"Chenga!" wakaitikia watu.

"Bado chenga!"

"Bado chenga!"

Watoto wakaanza kucheza kwa kufuata mwitikio huo, mwanamke mmoja akapiga kigelegele kisicho na sababu. Fredrick alizunguka na jenereta kifuani akipiga kelele, "Polepole, polepole!" na maksai aitwaye Polepole akidhani anaitwa akageuza shingo, ikabidi Fredrick aambiwe anyamaze.

"Kuna mtu!" Generosa akapiga ukelele. "Nimeona mtu! ... Ameondoka!"

"Mrudisheni!" walipiga kelele wote kwa pamoja, hata wale waliokuwa barabarani wanapita na shughuli zao.

Hapo wenye ng'ombe wakasogea karibu, maana walikuwa wengi pale, na wote walijua. Maksai kwenda mbele ni jambo la kila siku. Maksai wanne kurudi nyuma, pamoja, kwa upana wa kwato moja na wasizidishe, hilo hakuna aliyewahi kuliona. Malale alikwenda akasimama mbele ya Meja, akaweka kiganja juu ya pua yake. Akasema naye kwa Kisukuma, kwa sauti ile anayotumia mtu akiongea na mgonjwa. Meja akarudisha mguu mmoja. Karani akafuata. Katekista akafikiri, naye akafuata. Polepole, ambaye tangu azaliwe hajapenda kurudi nyuma, alitazama dunia nzima, akavuta pumzi, akasogeza kwato.

"HAPO!" Generosa alipiga kelele mpaka Cyriaque akaruka juu ya paa. "Hapo hapo! Asipumue mtu! Nyie, asipumue mtu!"

Palikuwa na mwanamke kwenye kioo, safi, ana rangi zote, amesimama mbele ya ramani anaongea Kifaransa. Cyriaque, aliyekisoma Kifaransa shuleni kwao Burundi, alining'iniza kichwa dirishani, miguu bado iko juu, akasikiliza.

"Anasema kesho Paris mvua!"

"Paris mvua!" walipokea watu, na uwanja ukalipuka. Walikumbatiana. Walimpongeza Meja. Bibi mmoja aliyekuwa ameanika mihogo alisimama haraka, kisha akakaa tena. Alois aliacha uenyekiti wake akawa anarukaruka, akiuliza kila mtu kama amesikia ya Paris. Na Generosa ndani alikuwa anapiga kelele kuliko wote, wala si kwa sababu ya mvua.

"Mkono haukuunganishwa begani! Mmeona? Umekatwa pamoja na kifua! Nilijua! Nilijua inawezekana!" Na alikuwa ameshatoa chaki mfukoni anachora ile blauzi kwenye sakafu ya karavani.

Ilipita kama nusu saa ndipo alipoinua kichwa. Watu walikuwa wamejazana mlangoni na madirishani, wanaangalia nchi isiyo yao kwa furaha kuu. Mmoja tu hakuwa anaangalia. Malale alikuwa bado amesimama juani, ameshika pembe ya Meja, anawaongelesha wanne wake wasisogee. Televisheni aliyoitolea mtamba wake hakuwa ameiona hata kidogo. Alikuwa anamwona Generosa dirishani, na uso wake ulionyesha kwamba hajakosa kitu.

Generosa alitoka mlangoni, chaki mkononi.

"Baba Minza, wewe huji kuangalia?"

"Nikija huko, hawa watasogea. Paris itapotea."

"Ukiwa Kabungu je, peke yako? Unaangaliaje?"

Malale alilifikiria swali lile kwa mara ya kwanza. "Siangalii," alisema. "Anatakiwa mmoja ndani na mmoja nje."

Generosa alimtazama yeye, na maksai, na lile dishi lililochomelewa lisigeuke milele. Akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika kizingiti, na kicheko kile Malale alitamani kisiishe.

"Dada," alisema Alois, akikumbuka ghafla kazi yake, "leo ndiyo Jumapili ya mwisho. Jibu la watu."

"Jibu ni hili, kaka," alisema Generosa akifuta machozi kwa upande wa kitenge. "Kesho watu wa Baba Minza wakija kwako, wapokee vizuri. Mahari taja ng'ombe unaotaka. Lakini hawa wanne usiwaguse. Ukiwachukua hawa, nani atatugeuzia nyumba?"

Malale akaiachia pembe ya Meja. Maksai wakasogea hatua tatu, nyumba ikazunguka, chenga zikarudi kioo kizima, na kati ya watu wote wa Kasokola aliyelalamika ni Fredrick peke yake, maana alikuwa anataka kujua mvua ya Paris, keshokutwa je.